Picha ya Uani Wakati wa Mlipuko: Inaonyesha Nini na Inaficha Nini

Kila mlipuko wa ugonjwa wa virusi unapotangazwa, picha za aina moja huanza kuzunguka simuni: ndoo zimepangwa mbele ya bomba, wapangaji wamekusanyika uani, watoto wanacheza kwenye korido ambayo milango yake yote inatazamana. Chini yake huandikwa kwamba ugonjwa unasambaa hapo. Wasomaji hugawanyika papo hapo, wengine wakiwalaumu wakazi kwa ukaidi, wengine wakimlaumu mpiga picha kwa kuwadhalilisha watu wa kipato cha chini, na mara nyingi pande zote mbili hubishana juu ya jambo ambalo picha yenyewe haikulisema. Makala haya yanaeleza picha ya makazi ya pamoja inaweza kuthibitisha nini, haiwezi kuthibitisha nini, na ni nani mwenye haki ya kuipiga na kuisambaza.

Tuanze na maneno matatu. Mlipuko ni hali ya wagonjwa kuongezeka kupita kiasi kilichotarajiwa mahali fulani kwa wakati fulani. Kwa ugonjwa mkali na adimu kama Marburg, hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara hutosha kutangaza mlipuko. Virusi ni vimelea vidogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida ya zahanati haivioni, sembuse kamera ya simu. Makazi ya pamoja, kwa maana itakayotumika hapa, ni mahali ambapo watu wasio wa kaya moja hugawana sehemu za lazima za maisha kama vile maji, choo, jiko, njia na hewa. Mabweni ya shule, kambi za wakimbizi na magorofa yote yamo katika maana hiyo, lakini mfano mkuu utakuwa ule unaofahamika zaidi katika miji ya pwani, yaani nyumba ya kupanga ya Kiswahili.

Nyumba hiyo, ya aina ambayo imejaa Magomeni, Ilala na Buguruni jijini Dar es Salaam, ina mpango unaojulikana. Mbele kuna baraza. Mlango mkubwa unafunguka kwenye korido inayopita katikati, na kila upande wa korido kuna vyumba, kwa kawaida vitatu vitatu, ambavyo mara nyingi kila kimoja ni makazi ya kaya nzima. Korido inatokea uani, na uani kuna choo, bafu, mahali pa kupikia, kamba za nguo na bomba au pipa la maji. Mpiga picha anayeingia humo wakati wa mlipuko huvutwa na uani, kwa sababu kuna mwanga wa kutosha, kuna watu, na kuna jambo linalotendeka. Chumbani ni giza na mlango umefungwa, huko hapigi. Hapo ndipo upotoshaji wa kwanza unapozaliwa, pasipo mtu yeyote kukusudia kupotosha: kinachopigwa ni kile kinachopigika, na msomaji anakichukulia kuwa ndicho chenye hatari.

Ili kuona kwa nini hilo ni kosa, ni lazima kwanza kujua kwamba virusi havisafiri kwa njia moja. Virusi vya UVIKO-19, ambavyo mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, husafiri hasa kwa hewa inayotoka mdomoni na puani mwa mtu aliyeambukizwa. Njia nyepesi ya kuielewa hewa hiyo ni kufikiria moshi wa kuni: mafiga yakiwa uani, moshi hutawanyika hata kama watu sita wameyazunguka, ingawa yule aliyeinama juu yake utamwingia machoni; lakini yakihamishiwa chumbani na dirisha likafungwa, hata aliyelala pembeni kabisa atakohoa. Kwa hiyo foleni ya maji ya dakika kumi mahali pa wazi, pamoja na msongamano wake unaotisha pichani, kwa kawaida ina hatari ndogo kuliko usiku mmoja wa watu watano katika chumba kisichopitisha hewa, jambo ambalo hakuna aliyelipiga picha.

Marburg ni habari nyingine. Mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo nchini Tanzania ulitangazwa Machi 21, 2023 mkoani Kagera, ukahesabiwa wagonjwa 9, akiwemo mmoja ambaye hakuthibitishwa na maabara, na vifo 6. Mlipuko wa pili ulitangazwa Januari 2025 wilayani Biharamulo. Virusi vyake huenea kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, pamoja na mashuka na nguo zilizochafuliwa navyo. Katika ugonjwa huo, baraza lililojaa watu wazima wanaocheza bao halisemi chochote kuhusu maambukizi, ilhali beseni moja la nguo za mgonjwa lililowekwa pembeni bila mtu linasema mengi. Mpox nayo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya afya ya kimataifa Agosti 14, 2024 baada ya aina mpya ya virusi vyake kuenea kutoka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, huenea hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mtu mwenye vipele, au kutumia matandiko yake. Picha ile ile ya uani, ikiwekwa katika magonjwa haya matatu, ina maana tatu tofauti. Anayeandika chini yake kwamba "msongamano unaeneza virusi" bila kutaja ni virusi gani hajaeleza kitu.

Wako wanaojibu kwamba msongamano ni msongamano, na kwamba wingi wa watu lazima utakuwa sehemu ya tatizo. Ni kweli kwa kiasi, lakini mfano unaonifundisha zaidi katika suala hili zima unatoka mbali na nyumba zetu. Mwaka 2003, wakati wa SARS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, zaidi ya wakazi 300 wa magorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa, karibu wanne kati ya kila kumi wakiwa katika jengo moja lililoitwa E. Mtu angeweza kupiga picha za lifti, ngazi na korido za jengo hilo siku nzima, na kila picha ingeonekana kueleza chanzo. Uchunguzi ulielekeza kwingine kabisa. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akiharisha alitumia choo cha nduguye katika jengo hilo, na sehemu ya bomba iliyo chini ya sakafu ya bafu, ile iliyokunjwa ili ishike maji na kuzuia harufu, ilikuwa imekauka katika nyumba nyingi kwa sababu watu walipangusa bafu zao badala ya kumwaga maji sakafuni. Feni za bafuni zilivuta hewa chafu kutoka kwenye mabomba hayo, na upenyo mwembamba kati ya nyumba ukaipandisha ghorofa hadi ghorofa. Chanzo kilikuwa kimefichwa na vigae. Waliokuwa wakipita kila siku mbele ya macho, yaani majirani waliopishana ngazini, hawakuwa kiini cha jambo.

Baada ya swali la njia ya maambukizi linakuja swali la umbali, na hapa kamera ina tabia yake ambayo kila msomaji anaweza kuijaribu nyumbani. Weka ndoo mbili zinazolingana uani, moja mbele ya nyingine, zikiwa zimeachana mita mbili. Simama mita mbili kutoka ndoo ya kwanza upige picha. Ndoo ya nyuma, ambayo iko mita nne kutoka kwako, itaonekana nusu ya ukubwa wa ile ya mbele, na jicho litatambua kwamba kuna nafasi kati yake. Kisha rudi nyuma hadi uwe mita ishirini kutoka ndoo ya kwanza, vuta picha kwa lenzi ndefu, upige tena. Sasa ndoo ya nyuma iko mita ishirini na mbili, na ukubwa wake pichani ni kama asilimia 91 ya ile ya mbele. Zinalingana karibu kabisa, na macho yanahitimisha kwamba zimegusana. Ndoo hazikusogea hata kidogo. Aliyesogea ni mpiga picha.

Badala ya ndoo, weka watu. Aprili 2020 wapiga picha wawili wa wakala wa Ritzau Scanpix wa Denmark walifanya jaribio hilo hadharani, wakiwapiga watu walewale katika maeneo ya wazi jijini Copenhagen kwa lenzi fupi na lenzi ndefu na kutoka pembe tofauti. Katika picha moja watu walionekana kuachana vizuri kama walivyoagizwa. Katika nyingine walionekana kubanana kama abiria wa daladala ya jioni. Zote mbili zilikuwa picha halisi ambazo hazikuhaririwa. Ndiyo maana ninaona kwamba lawama nyingi zilizomwagwa miaka ile juu ya watu wa sokoni, vituoni na kwenye fukwe zilikuwa lawama za lenzi. Kinyume chake pia kinawezekana, na husahaulika: lenzi pana sana ya simu, ikiingizwa ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu, hukifanya kionekane ukumbi, na mwenye nyumba anayetaka kuonyesha kwamba wapangaji wake wana nafasi ya kutosha anaijua mbinu hiyo vizuri, kama wanavyoijua madalali.

Muda ni jambo la tatu, ingawa halihitaji maneno mengi. Picha hukamata sehemu ndogo ya sekunde, wakati maambukizi ya hewani hutegemea watu wamekaa pamoja kwa muda gani. Aidha, kati ya kuambukizwa na kuanza kuugua hupita siku kadhaa: kwa UVIKO-19 ni siku 2 hadi 14, kwa Marburg ni siku 2 hadi 21. Picha iliyopigwa siku wagonjwa walipotangazwa haiwezi kuwa picha ya jinsi walivyoambukizwa.

Linabaki suala lenye ubishi mkali kuliko yote, la ruhusa. Watu wengi huamini kwamba mahali panapotumiwa na wengi ni mahali pa umma, hivyo kila apitaye anaweza kupiga picha. Uani si barabara. Ni sehemu ya makazi ya kila kaya inayolipa kodi katika nyumba ile, na ndipo mtu anapopita na upande mmoja wa kanga akienda kuoga, jambo ambalo asingelifanya barazani. Katiba ya Tanzania katika Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na Katiba ya Kenya ya 2010 ina Ibara ya 31 inayolinda faragha ya mtu na nyumba yake. Ruhusa ya mwenye nyumba, au ya mjumbe aliyemwongoza mwandishi hadi mlangoni, inafungua mlango tu; haimsemei mpangaji wa chumba cha tatu. Kwa desturi yetu hata mgeni aliyealikwa hupiga hodi mara mbili, mara ya kwanza mbele na mara ya pili anapofika uani, na sioni kwa nini mwenye kamera asamehewe hodi ya pili.

Sheria mpya zimeongeza uzito. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote mbili huhesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, wakiuliza ni vipi picha ya mlango na kamba ya nguo iwe taarifa ya afya. Jibu ni kwamba picha huungana na maelezo yake. Mlango wa kijani peke yake ni mlango. Mlango wa kijani wenye maneno "mgonjwa wa kwanza aliishi humu" ni taarifa kuhusu afya ya mtu ambaye mtaa mzima unamjua, pamoja na ya mkewe na wanawe. Matumizi ya nyumbani kabisa, kama mtu anayewapiga picha wanawe uani na kuzihifadhi kwenye simu yake, hayalengwi na sheria hizi. Hali inabadilika anapozitupa kwenye kundi la watu mia mbili.

Wengine hudhani kwamba ukificha uso umemaliza kazi. Majirani hawatambuani kwa nyuso tu. Hutambuana kwa kanga, kwa fulana ya timu iliyochanika begani, kwa rangi ya ukuta, kwa baiskeli iliyoegemezwa, kwa mwembe wa uani. Juu ya hayo, simu ambayo huduma ya mahali imewashwa huandika ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa, pamoja na saa. WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili hubaki nazo, na wahariri wengi huomba faili kwa ajili ya ubora. Basi uso umefunikwa kwa wino mweusi, na nyumba imetajwa kwa nukta ya ramani.

Madhara ya kutajwa si ya kufikirika. Mei 2020 serikali ya Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Eastleigh, Nairobi, na Mji wa Kale, Mombasa, majina ya mitaa hiyo yaligeuka majina ya ugonjwa masikioni mwa watu, na picha yoyote ya kichochoro chake ingesomwa kwa jicho hilo. Miaka miwili baadaye jambo la namna hiyo lilifika ngazi ya mabara. Mei 2022, mpox ilipokuwa ikienea Ulaya na Amerika Kaskazini, vyombo kadhaa vya habari vya huko viliweka picha za ngozi za Waafrika kueleza habari za wagonjwa wa Ulaya, na chama cha waandishi wa vyombo vya habari vya kigeni barani Afrika kikatoa tamko la kupinga. Picha hazikuwa za uongo. Zilipigwa kweli, mahali pengine, wakati mwingine. Zilichokosa ni kuhusika na habari iliyokuwa ikisimuliwa. Novemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha jina la ugonjwa na kuuita mpox, mojawapo ya sababu ikiwa ni unyanyapaa uliokuwa ukiambatana na jina la zamani.

Na je, kamera yenyewe inabeba virusi? Swali hili huulizwa sana na wakazi, na wana haki ya kuliuliza. Kwa UVIKO-19, hatari ya vifaa ni ndogo: Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria kwamba kila mguso wa kitu chenye virusi hivyo una uwezekano wa chini ya 1 kati ya 10,000 wa kuambukiza. Hatari kubwa ni mpiga picha mwenyewe, ambaye leo yuko Buguruni na kesho Temeke, akiongea kwa karibu na watu wa nyumba kumi kwa siku. Anayepiga picha uani, kwa mwanga wa asubuhi, akiwa amevaa barakoa na bila kuingia vyumbani, amepunguza sehemu kubwa ya hatari hiyo na amepata picha nzuri zaidi. Kwa Ebola na Marburg hali ni tofauti. Nyumba ambayo mgonjwa ametolewa na haijasafishwa na watu wenye mavazi ya kinga haiingiliki kwa ajili ya picha, hata wenyeji wakikaribisha.

Pamoja na makatazo yote haya, kutopiga picha kabisa nako kuna gharama. Bila picha, maisha ya nyumba za kupanga wakati wa mlipuko yatabaki katika takwimu za wizara na kumbukumbu za wazee. Picha inaweza kuonyesha ndoo ya kunawia iliyowekwa mlangoni kwa mchango wa wapangaji, zamu ya kusafisha choo iliyoandikwa kwa chaki, sahani ya chakula iliyoachwa nje ya mlango wa aliyejitenga, na inaweza pia kuonyesha bomba moja linalohudumia kaya nyingi, ambalo ni hoja ya kupelekwa kwenye mamlaka ya maji. Wapigaji wanaofaa zaidi kwa kazi hii ni wapangaji wenyewe. Wako humo tayari, hawaleti virusi vya mtaa mwingine, na wanajua saa gani uani kuna staha na saa gani hakuna.

Nchini Liberia mwaka 2015, msanii Mmarekani Mary Beth Heffernan aliitumia picha kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia: aliwapiga wahudumu wa Ebola picha za nyuso zao wakitabasamu, akazichapisha kama stika na kuzibandika kifuani juu ya mavazi ya kinga, ili mgonjwa anayezungukwa na watu wasio na sura aone anahudumiwa na nani. Katika nyumba za pamoja, ambako kuwasili kwa timu yenye mavazi meupe huweza kumwaga watu wote mtaani, matumizi hayo ya picha yanastahili kujaribiwa kuliko picha ya mia ya foleni ya ndoo.

Kwa msomaji aliyepokea picha ya uani na kuombwa aisambaze, maswali ya kuuliza ni machache: ni ugonjwa gani unaozungumziwa na huenea vipi, picha ilipigwa lini, mpiga picha alikuwa umbali gani, na waliomo wanajua kwamba wamo? Swali la tarehe ndilo linalojibika kwa urahisi kuliko yote, kwa kuipakia picha kwenye huduma ya kutafuta picha mtandaoni na kuona ilianza kuonekana lini, kwa kuwa picha nyingi zinazoletwa na mlipuko mpya zilikwisha kuzunguka katika mlipuko uliopita. Kwa mkazi anayejikuta ndani ya picha iliyoandikiwa maneno yasiyo ya kweli, sheria za Kenya na Tanzania zilizotajwa zinampa haki ya kudai taarifa potofu zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Dai huanzia kwa aliyezichapisha, na likikataliwa hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia sheria hiyo, ambayo Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data na Tanzania ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.